Heike Kamerlingh Onnes: Mfalme wa baridi aliyetegemea mikono ya mafundi

ABIRIA anayeteremka kwenye basi mjini Same saa saba mchana, katika mwezi wa Februari, hupokewa na joto kavu linalopanda kutoka ardhini kama pumzi ya tanuri. Akiamua kuipanda milima iliyo nyuma ya mji kuelekea Chome, hadi karibu na kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, atatafuta sweta kabla jua halijazama, kwa kuwa hewa ya huko juu huwa na baridi zaidi kwa takriban nyuzi 10. Nyuzi hizo 10 zinatosha kubadili maisha yote ya mtu: chini ni mkonge na miti ya miiba, juu ni migomba, kahawa na tangawizi.

Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alishuka karibu nyuzi 290 bila kutoka nje ya jengo moja. Alianza na joto la kawaida la chumba katika mji wa Leiden, akaishia nyuzi 269 chini ya sifuri, mahali ambapo hewa tunayoivuta ingekuwa imeganda kama jiwe. Ilimchukua miaka 26.

Mwanasayansi huyo alifariki dunia mwaka 1926, na kwa muda mrefu jina lake lilibaki kwa walimu wa fizikia. Hata hivyo, mashindano ya sasa ya kuunda kompyuta za kwanta yamelirejesha mezani, kwa sababu nyingi za mashine hizo hufanya kazi ndani ya majokofu yaliyojengwa juu ya kazi yake. Kwa Watanzania ipo sababu nyingine. Gesi ya heliamu, aliyoitafuta kwa taabu na kuinunua kwa njia za mzunguko, ndiyo iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa ipo kwa wingi chini ya ardhi ya Bonde la Rukwa.

Mtoto wa mwenye kiwanda cha vigae

Kamerlingh Onnes alizaliwa Septemba 21, 1853 mjini Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake, Harm, alikuwa na kiwanda cha vigae vya kuezekea, na nyumba hiyo ilikuwa na nidhamu kali ya kazi na masomo. Mwaka 1870 alijiunga na Chuo Kikuu cha Groningen, na mwaka uliofuata akaenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma chini ya Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, mabingwa wawili waliokuwa wamegundua namna ya kuzitambua elementi kwa kuchunguza mwanga wake. Alirejea nyumbani na mwaka 1879 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti uliotoa uthibitisho mpya kwamba dunia huzunguka kwenye mhimili wake.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Katika hotuba yake ya kwanza aliweka wazi imani ambayo hakuiacha hadi alipostaafu: kwamba elimu ya kweli huja kwa kupima, na kwamba maabara isiyopima kwa usahihi inapoteza muda wake. Miaka mitano baadaye alimwoa Maria Bijleveld, na walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Albert. Afya yake haikuwa nzuri, kifua kilimsumbua mara kwa mara, lakini waliofanya kazi chini yake walimjua kwa ukali wa ratiba kuliko kwa udhaifu wa mwili.

Kilichomvuta kwenye baridi kilikuwa nadharia. Mholanzi mwenzake, Johannes van der Waals, alikuwa ameeleza mwaka 1873 jinsi chembe za gesi zinavyovutana, na mwaka 1880 akaonyesha kwamba gesi zote zinafuata kanuni moja ya tabia iwapo kila moja itapimwa kwa kipimo chake yenyewe. Kama kanuni hiyo ni kweli, hakuna gesi isiyoweza kugeuzwa kuwa kimiminika. Wakati huo zilikuwapo gesi zilizoitwa za kudumu, kwa sababu zilikataa kugeuka hata zikibanwa kwa nguvu kiasi gani. Kamerlingh Onnes aliamua kuziendea moja baada ya nyingine.

Njia yake mtu wa Same anaweza kuielewa upesi kuliko mkazi wa Ulaya. Maji yaliyo ndani ya mtungi wa udongo hubaki baridi hata jua likiwa kali, kwa sababu machache yanayopenya na kukauka kwenye ngozi ya mtungi huondoka na joto la yale yaliyobaki. Kimiminika chochote kinachogeuka mvuke hupoza kilicho karibu nacho. Leiden ilitumia kanuni hiyo hiyo kwa ngazi. Kloridi ya methili ilibanwa hadi ikawa kimiminika, kisha ikaachwa ichemke chini ya pampu na kupoza ethilini. Ethilini ikageuka kimiminika, nayo ikachemshwa hivyo hivyo na kupoza oksijeni. Oksijeni ilipogeuka, kipimajoto kilikuwa kimeshafika nyuzi 183 chini ya sifuri.

Ni utaratibu unaofanana na wa ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare wameyachimba milimani tangu enzi za mababu. Maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, hushuka kwenye mfereji hadi kwenye mashamba, na shamba la chini hupata maji kwa kadiri ile tu ambayo wa juu wametimiza wajibu wao. Pale Leiden, hatua moja ikivuja, zote zilizo chini yake zilikufa.

Kufikia mwaka 1894 ngazi hiyo ilikuwa imekamilika na maabara ilizalisha hewa ya kimiminika kwa wingi usio na mfano. Wengine, hasa Wapolandi wa Kraków, walikuwa wametangulia kupata oksijeni ya kimiminika tangu mwaka 1883. Tofauti ni kwamba wao walipata kiasi kidogo cha kuonyesha, ilhali Mholanzi huyo alijenga kiwanda.

Mji wasiwasi, maabara yafungwa

Ndipo serikali ya mji ilipoingilia kati. Maabara ya Leiden ilijengwa juu ya eneo lililobaki magofu tangu Januari 12, 1807, siku ambayo meli iliyosheheni baruti ililipuka katikati ya mji na kuua watu wapatao 150. Zaidi ya miaka 80 baadaye kumbukumbu hiyo ilikuwa bado hai, na wakazi waliposikia kwamba profesa anabana gesi kwa nguvu nyingi mahali pale pale, walitaka kazi hiyo ikome. Mwaka 1895 alilazimika kusimamisha majaribio yake makubwa.

Wataalamu waliitwa kutoa maoni, van der Waals akiwa miongoni mwao. Mpinzani wake mkubwa, James Dewar wa London, naye alimwandikia kumuunga mkono. Kibali kilitoka mwaka 1898. Ni vigumu kuwalaumu wakazi wa Leiden kwa hofu yao, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: Mei mwaka huo huo, Dewar alikuwa wa kwanza duniani kugeuza haidrojeni kuwa kimiminika, kwa nyuzi 253 chini ya sifuri. Huyu Dewar ndiye aliyebuni, mwaka 1892, chupa ya kuta mbili zenye ombwe katikati, ambayo leo iko katika kila nyumba ya Kitanzania kwa jina la chupa ya chai.

Kamerlingh Onnes hakukimbilia kumfuata. Dewar alifanya kazi karibu peke yake, akiwa na wasaidizi wachache na siri nyingi. Mholanzi alichagua njia ndefu ya kuwafundisha vijana. Mwaka 1901 ilianzishwa, kwa juhudi zake, jumuiya ya kuendeleza mafunzo ya mafundi wa vyombo vya vipimo, na maabara ikawa pia shule. Vijana waliovaa makoti ya bluu walijifunza kuchora, kukereza chuma, kuunganisha mabomba na kupuliza vioo huku wakishiriki majaribio yenyewe. Gerrit Jan Flim alisimamia karakana ya chuma, na Mjerumani Oskar Kesselring alisimamia vioo. Wanafizikia wengi wa wakati huo waliwaona mafundi kuwa watumishi. Pale Leiden majina ya mafundi hao wawili yalitajwa katika ripoti za maabara.

Katika historia ya Wapare lipo jambo la namna hiyo. Katika Ugweno, Upare ya Kaskazini ambayo leo ni Wilaya ya Mwanga, ukoo wa Washana ndio ulioshika ufuaji wa chuma, na simulizi za huko zinawataja kuwa watawala wa nchi hiyo kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Mchanga wenye chuma ulikuwa umelala kwenye vijito vya wengi, lakini waliojua kuuyeyusha kwa mivukuto na makaa walikuwa wachache, wakirithishana ujuzi baba kwa mwana, na chuma chao kilinunuliwa hadi Uchagani. Mamlaka yalitoka kwenye karakana. Tofauti ni kwamba Washana walilinda ujuzi ndani ya ukoo, ilhali profesa wa Leiden aliufungulia mtoto yeyote wa mjini mwenye mikono mizuri.

Matunda yalianza kuonekana mwaka 1906, mtambo wa Leiden ulipoanza kutoa haidrojeni ya kimiminika kwa lita, siyo kwa vijiko. Ilibaki gesi moja tu.

Siku ndefu ya Julai 10, 1908

Heliamu ilitambuliwa kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, na William Ramsay akaipata duniani mwaka 1895. Ilikuwa adimu mno. Huko London Dewar aliihitaji, lakini alikuwa amegombana na Ramsay, mtu aliyekuwa na akiba na ujuzi wa gesi hiyo, na ugomvi huo ulimfungia mlango. Kamerlingh Onnes alimgeukia mdogo wake, Onno, aliyekuwa akiongoza ofisi ya taarifa za biashara mjini Amsterdam. Kwa msaada wake, shehena za mchanga wa monazaiti kutoka North Carolina, Marekani, zilivuka bahari hadi Leiden. Mchanga huo una thoriamu, ambayo inapovunjika kidogo kidogo huacha heliamu ndani ya chembe. Wakemia waliupasha moto, wakaikamua gesi, wakaisafisha. Ilikuwa kazi ya miezi mingi.

Usiku wa kuamkia Julai 10, 1908 zilikuwa tayari lita 75 za hewa ya kimiminika. Saa 11:45 alfajiri mafundi walianza kutengeneza haidrojeni, na mchana walikuwa na lita 20. Mke wa profesa alifika maabara na kumlisha kwa mkono wake, kwa kuwa yeye hakuthubutu kuondoa macho wala mikono kwenye mitambo.

Saa 10:20 jioni heliamu ilianza kuzunguka. Chombo chenyewe kilikuwa kazi ya Kesselring: glasi ya heliamu katikati, ikizungukwa na glasi ya haidrojeni, hiyo ikizungukwa na ya hewa ya kimiminika, na nje kabisa alkoholi vuguvugu ili ukungu usizuie kuona. Kosa dogo katika kioo kimoja lingeharibu kila kitu, tena gesi ile isingepatikana nyingine kwa haraka.

Kipimajoto kilishuka, kikapanda, kikashuka tena, kisha kikagoma. Akiba ya haidrojeni ilikuwa inaisha. Ilikuwa karibu saa 1:30 usiku pale mwenzake wa idara ya kemia, Profesa Schreinemakers, aliyekuja kutazama tu, aliposema kwamba huenda kipimajoto hakisogei kwa sababu tayari kimezama kwenye kimiminika. Chombo kilimulikwa kutoka chini. Uso wa heliamu ukaonekana, mwembamba na mkali kama ukingo wa kisu. Kilichopatikana kilikuwa takriban mililita 60, ujazo wa kikombe kimoja cha kahawa inayouzwa vijiweni.

Joto lake lilikuwa nyuzi 269 chini ya sifuri, yaani nyuzi nne na ushei tu juu ya kikomo cha baridi ambacho wanasayansi hukiita sifuri kamili na kukipima kwa kelvini. Kwa miaka 15 iliyofuata hakuna maabara nyingine duniani iliyoweza kufika hapo, hadi Toronto, Kanada, ilipofanikiwa mwaka 1923.

Zebaki na jina lililokosekana

Kufika kwenye baridi hiyo kulikuwa mwanzo tu. Swali lililowagawa wataalamu lilikuwa hili: umeme hupitaje ndani ya metali iliyo baridi kupita kiasi? Lord Kelvin wa Uingereza aliamini kwamba chembe za umeme zingeganda na ukinzani ungepanda. Wengine walidhani ungepungua polepole. Kamerlingh Onnes alichagua zebaki, metali inayoweza kusafishwa sana kwa kuichemsha na kuivuna tena.

Aprili 8, 1911 Flim alisimamia mitambo ya baridi, na katika chumba kingine, mbali na mitikisiko ya pampu, kijana Gilles Holst alipima umeme. Ukinzani wa zebaki haukupungua polepole. Ulitoweka. Mwanzoni walidhani nyaya zimegusana mahali fulani, wakarudia, na kila waliporudia jibu lilikuwa lile lile. Ni bahati kwamba hakuna aliyelitupa jibu hilo kwa sababu halikutarajiwa. Katika milima ya Usambara, jirani na Upare, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba aliwaambia walimu mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa, akachekwa. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1969 ndipo makala aliyoandika pamoja na Dk. Denis Osborne ilipochapishwa na dunia ikamsikia.

Ugunduzi wa kwamba umeme unaweza kupita bila ukinzani wowote ndio mkubwa kuliko yote yaliyotoka Leiden. Mwaka 1914 profesa alionyesha mzingo wa risasi ambao mkondo wake uliendelea kuzunguka saa baada ya saa bila betri. Tuzo ya Nobel ya fizikia alikuwa amekwisha kuipokea mwaka 1913, kwa utafiti wa tabia ya mata katika baridi kali uliowezesha kupatikana kwa heliamu ya kimiminika.

Lakini makala za zebaki zilitoka kwa jina lake pekee. Holst, aliyeshika vipimo kwa mikono yake, hakuwekwa miongoni mwa waandishi. Ulikuwa utaratibu wa maabara ya zama zile, profesa akiwa baba mwenye nyumba, na Holst hakufa maskini: mwaka 1914 alikwenda kuanzisha maabara ya utafiti ya kampuni ya Philips na akaiongoza kwa miaka mingi. Hata hivyo doa hilo halifutiki, hasa kwa mtu aliyejua thamani ya mafundi wake kiasi kile.

Kwa nini kompyuta ya kwanta inahitaji baridi yake

Miaka miwili baada ya kifo cha Kamerlingh Onnes, yaani mwaka 1928, watafiti wawili wazaliwa wa Sweden waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, John Johnson na Harry Nyquist, walieleza jambo ambalo kila msikilizaji wa redio alilijua bila kulielewa. Mkwaruzo unaosikika redio inapotafuta stesheni hautoki wote angani. Sehemu yake hutoka ndani ya vifaa vyenyewe, kwa kuwa chembe za umeme ndani ya kila waya hutikisika kutokana na joto. Kadiri joto linavyopungua, kelele hiyo nayo hupungua.

Katika kompyuta ya kwanta ya aina inayotumia saketi zisizo na ukinzani, kila kiini cha kuhifadhi taarifa hukaa kwenye baridi ya takriban sehemu 10 hadi 20 za elfu moja ya kelvini. Ili kujua kilichomo, mashine hutuma wimbi dogo la maikrowevu na kusikiliza linavyorudi. Sauti hiyo ni dhaifu mno. Ikiachwa ifike kwenye vifaa vya joto la chumba bila kukuzwa, humezwa na kelele kama mnong'ono ndani ya stendi ya mabasi.

Hivyo hukuzwa kwa hatua, kutoka chini kwenda juu. Kando ya kiini huwekwa amplifaya ya kwanza, iliyotengenezwa kwa viungo vya metali isiyo na ukinzani. Juu yake, kwenye ghorofa ya kelvini 4, karibu baridi ile ile ya Julai 1908, huwekwa amplifaya ya transista. Ndipo ishara hutoka nje. Hatua ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu kelele inayoongezwa pale hukuzwa na zote zinazofuata. Mkulima wa Bangalala au Vudee hahitaji hesabu kulielewa hilo: tope likitibuliwa kwenye ndiva ya juu, mashamba yote ya chini hunywesha tope. Na hata fundi hodari hawezi kuiondoa kelele yote, kwa kuwa sheria za kwanta zenyewe zimeweka kiwango ambacho amplifaya ya kawaida haiwezi kukishuka.

Tatizo linalowasumbua wahandisi kwa sasa ni kwamba amplifaya nayo hutoa joto. Mashine yenye viini vingi huhitaji amplifaya nyingi, na jokofu lina uwezo wenye kikomo wa kuliondoa joto hilo. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, Sweden, kilitangaza amplifaya inayowaka pale tu ishara inapopita, na hivyo kutumia takriban moja ya kumi ya umeme wa zilizotangulia.

Jokofu lenyewe lina asili ya Leiden. Aina inayotumiwa, ambayo huchanganya heliamu-3 na heliamu-4 ili kushuka hadi chini ya kelvini moja, ilipendekezwa na Heinz London na kuundwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 katika maabara iliyobeba jina la Kamerlingh Onnes.

Hapo ndipo Rukwa inapoingia. Tangazo la mwaka 2016 lilitolewa na watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza pamoja na kampuni ya Helium One, wakieleza kwamba joto la volkano za Bonde la Ufa limeifukuza gesi hiyo kutoka kwenye miamba ya kale, ilikokuwa imezaliwa kwa kuvunjika kwa urani na thoriamu, kama ilivyokuwa kwenye mchanga wa North Carolina. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilithibitisha kwamba heliamu ipo. Gesi hiyo ni heliamu-4, inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini na ghorofa za juu za majokofu ya kwanta. Heliamu-3 ni adimu zaidi na kwa kawaida hupatikana kutokana na tritiamu inayohifadhiwa kwa ajili ya silaha za nyuklia.

North Carolina iliuza mchanga. Waliovuna jina, tuzo na ufundi ni waliokuwa na Kesselring na Flim. Tanzania bado haijatangaza mtambo wa kupoza heliamu kwa ajili ya utafiti wa kwanta, na mjadala wa gesi ya Rukwa umehusu zaidi leseni, hisa na visima kuliko vijana wa kupuliza vioo.

Mwisho wa safari

Kamerlingh Onnes alistaafu akiwa na miaka 70 bila kuitimiza ndoto yake ya mwisho, kuigandisha heliamu iwe kama jiwe. Alikuwa amejaribu jioni ile ile ya Julai 1908 na akarudia mara kadhaa, akiichemsha chini ya pampu zenye nguvu zaidi kila mara, lakini ilibaki kimiminika. Alifariki Februari 21, 1926 mjini Leiden, akiwa na umri wa miaka 72.

Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi gari la farasi lililobeba jeneza lilichelewa kutoka mjini, na dereva akalazimika kuongeza mwendo ili liwahi kaburini katika kijiji cha Voorschoten. Mafundi wa maabara, waliokuwa wakifuata kwa miguu wakiwa na kofia ndefu na makoti meusi, walijikuta wakitweta nyuma yake, na Flim akatania kwamba mzee hata akiwa amekufa bado anawakimbiza.

Miezi michache baadaye, katika mwaka huo huo, mwanafunzi na mrithi wake Willem Keesom aliigandisha heliamu kwa kuibana ikiwa baridi, katika maabara ile ile. Jengo hilo sasa linatumiwa na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Leiden. Mtambo wa mwaka 1908 umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Boerhaave, mjini humo humo, na shule ya mafundi iliyoanzishwa mwaka 1901 inaendelea kupokea vijana wanaojifunza kukereza chuma na kupuliza vioo.